Mzinga Nilioufuta

Januari 6

Mwaka huu sitaki tena kuitwa mama wa harusi. Naliandika hili mwanzo kabisa ili nikianza kulegea nirudi kulisoma.

Miaka yote studio yangu hapa Eldoret imekula kwa picha za paspoti, mahafali, na maharusi wanaotaka kupigwa wakiruka juu kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Sikatai, kazi hiyo imenilea. Lakini mimi Mideva nimechoka kumwambia mtu "kidevu chini kidogo". Mti haukuulizi kama umetoka mnene.

Kuna korongo chini ya Iten, pale mlima unapokatika na kushuka bonde la Kerio. Nililiona mwezi uliopita nikirudi kutoka harusi ya bondeni. Ndani yake kuna mkuyu ulioota katikati ya ukuta wa mwamba, juu kabisa, mahali ambapo hakuna hata konzi ya udongo. Mizizi yake imeshuka juu ya jiwe jekundu kama nta ya mshumaa. Bonde lote limekauka, mto umebaki mchanga mtupu, na mti ule una majani.

Nataka picha ya mti ule na jiwe lile, basi. Hakuna mtu, hakuna kuku, hakuna bibi harusi. Na nitaipata kabla mvua haijafunga njia.

Januari 11

Ooko amenipa Probox yake. Ana duka la kuchapisha kadi na mabango mlango wa pili kutoka kwangu, na mdomo wake haujawahi kupumzika. "Ukigonga gari yangu, wewe ndio utakuwa bampa," aliniambia akinipa ufunguo.

Barabarani chini nilipata mwenyeji mzuri, Kigen, mwanamume wa makamo mwenye kicheko cha karibu. Alichukua stendi ya kamera begani bila kuombwa akaniongoza. Njia ya kwenda korongoni inapita katikati ya boma la jirani yake, Mama Jeruto, mjane wa miaka sitini hivi. Hapo ndipo safari ilipokwama.

Nilimsalimia, "Chamgei." Akaitikia, lakini hakusogea njiani.

"Unataka nini kwa mti?"

"Picha tu, Mama."

"Picha ya mti." Alinitazama kuanzia viatu. "Na mzinga?"

Kweli upo. Ni gogo refu lililochimbwa ndani, limekuwa jeusi kwa uzee, limelazwa kwenye panda ya ule mkuyu na kufungwa kwa kamba.

"Utaonekana, Mama."

"Ni wa mzee wangu, Paul. Ukipiga, piga na mzinga."

"Sawa, Mama."

Nilijibu haraka, vile ninavyowajibu mabibi harusi wanaonikumbusha nisisahau shangazi zao. Akatupisha.

Kigen alicheka tulipokuwa mbali. "Huyo mama ni mgumu, wewe zoea tu. Na huo mzinga hata hauna nyuki. Ni gogo bure, inaharibia watu mti."

Nikampenda papo hapo. Hatimaye mtu anayeona kile ninachokiona!

Januari 12

Nimefungua picha zote za jana. Takataka. Jua la saa sita limelifanya jiwe kuwa jeupe kama unga.

Januari 18

Mahafali. Kidevu chini kidogo.

Januari 25

Leo nimeipata.

Nililala Iten kwa rafiki, nikateremka alfajiri. Mama Jeruto alikuwa anakamua. Alinipa kikombe cha chai bila neno, nikanywa nimesimama, nikaingia korongoni peke yangu. Mchanga wa mto ulikuwa baridi. Nimejifunza kwamba kungoja mwanga ni kazi kama kazi nyingine, ila huwezi kuiharakisha kwa kumpigia mtu simu. Nilikaa juu ya jiwe, nikasikia tumbili wakigombana juu ya ukingo, nikachimba mchanga kwa kidole cha mguu kama mtoto.

Kisha jua likatoka ng'ambo, juu ya milima ya Baringo, likaingia kwa mdomo wa korongo. Lilianza juu ya ukingo, likashuka polepole hadi kwenye mti. Jiwe likawa jekundu kweli kweli, rangi ya udongo wa nyumbani kwetu Vihiga baada ya mvua. Mizizi ikang'aa. Nilipiga, nikabadilisha lenzi, nikapiga tena. Sioni haya kusema hili. Nilikuwa na furaha kubwa kuliko siku niliyofungua studio.

Nilipotoka nilimwambia Mama Jeruto, "Nimepata!" Akasema, "Mti ulikuwa hapo tu." Kwa kweli huyo mama ana ubahili hata wa tabasamu.

Januari 28

Picha ni nzuri mpaka inauma. Lakini lile gogo! Jicho linapanda na mizizi, linafika kwenye panda ya mti, linajikwaa hapo hapo. Nimejaribu kuikata picha huku na kule. Haikubali.

Basi nimelifuta. Kazi ya kama saa moja kwenye kompyuta. Nilichukua majani ya upande huu nikayapanda upande ule, nikalisawazisha jiwe nyuma, na sasa hata mimi mwenyewe sioni mahali lilipokuwa. Ooko alisimama nyuma yangu akila chapati.

"Sasa hiyo ndio picha, Mideva. Hata Mungu angekuuliza ulifanyaje."

Februari 4

Hoteli moja ya mtaa wa Elgon View hapa mjini wameichukua! Ooko ameichapisha kubwa kama mlango, iko ukutani mapokezini. Watatengeneza pia mabango ya kuwaalika wageni kwenda kuzuru bonde. Meneja aliniuliza kama ni Kenya hii. Nikamwambia ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka hapo aliposimama. Jina langu liko chini, pembeni, kwa herufi ndogo. Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Februari 9

Nimempelekea Mama Jeruto nakala yake ndani ya fremu, pamoja na mkate na majani ya chai. Nilitaka kumwona akitabasamu angalau mara moja.

Aliifuta vumbi kwa leso ingawa haikuwa na vumbi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzinga uko wapi?"

"Nimeutoa kwa picha tu, Mama. Kule juu bado upo. Ni ili mti uonekane vizuri."

"Ulisema utapiga na mzinga."

"Nilipiga. Nikautoa baadaye."

"Na mtu akiuliza?"

"Nani ataulizia mzinga, Mama?"

Palikuwa na msumari ukutani, akaitundika picha hapo, uso wake ukitazama ukuta. Tukanywa chai tukiangalia mgongo wa fremu. Nilirudi Eldoret nimekasirika njia nzima. Mtu anakuletea zawadi, unaifanya kama mtoto aliyekosea!

Februari 15

Magari matatu ya wageni korongoni. Wamekuja na simu zao kutafuta mti wa bangoni. Kigen amefunga waya mahali njia inapoanza na anawapokea mwenyewe kwa kiingilio, na kofia mpya kichwani. Alinikumbatia. "Umetuletea maendeleo, dada yangu!" Wageni hawapiti tena kwa Mama Jeruto. Kigen amewafyekea njia nyingine.

Mama Jeruto alikuwa amesimama kwenye ua wake akitazama. Nilimpungia mkono. Labda hakuniona.

Februari 22

Amenipigia simu. Sikujua hata kama ana namba yangu, kumbe aliisoma nyuma ya fremu.

"Mzinga hauko," alisema. "Ule wa kweli."

Umetolewa mtini. Hakuna aliyeona nani. Na Kigen anawaambia watu kwamba mti ni wa ukoo wake tangu zamani, kwamba haujawahi kuwa na mzinga wa mtu yeyote. Wazee wameitwa Jumamosi.

Nilimuuliza Mama kwa nini hilo ni jambo la kuwaita wazee. Nadhani alinishangaa, kama unavyomshangaa mtu anayeuliza kwa nini mlango una kufuli. Halafu akanieleza taratibu. Kule kwao mti wa porini ni wa yule aliyetundika mzinga juu yake, na baada yake ni wa nyumba yake. Mtu akikuta mzinga wa mwenzake haugusi, hata uwe mtupu, hata uwe umeoza. Mti hauna hati. Mzinga ndio hati. Mzinga ukiondoka, na mwenyewe amekufa, mti unabaki wa yeyote mwenye sauti kubwa.

"Hata wewe unaitwa," akasema. "Kigen amesema mtu wa picha aje."

Simu ilipokatika nilibaki nimeketi. Nilikuwa na bibi harusi kwenye kiti, ananiuliza kama nywele ziko sawa.

Machi 1

Nitaandika yote, hata yanayoniuma.

Wazee walikaa kwenye mchanga wa mto, mdomoni mwa korongo, wengine juu ya mawe, wengine kwenye viti vya plastiki vya Kigen. Mwenyekiti wao ni Mzee Kiplimo, mwalimu mstaafu, mtu mkavu mwenye masikio makubwa na sauti ndogo. Mama Jeruto alikaa pembeni chini, miguu ameinyoosha.

Mzee mmoja alisema anakumbuka mzinga wa Paul. Mwingine akakubali. Kigen hakubisha, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Alisema kwa upole, "Ni kweli, Paul alikuwa na mzinga. Lakini ilikuwa kwa ile mgunga iliangukaga na mafuriko. Sio huu. Huu hakuna mtu amewahi kupanda. Angalieni vile jiwe iko. Nani anaweza kupanda hapo?" Wazee wakainua macho. Mwamba ulikuwa umenyooka na mtupu, na wengi wao hawajaingia humo kwa miaka.

Kisha akatoa bango la hoteli, akalikunjua. "Na huyu hapa ndiye aliipiga, Januari, kabla ya maneno yote. Mnaona mzinga?"

Bango lilipita mkono kwa mkono. Kila mzee alilileta karibu na macho, akalipeleka mbali, akampa mwenzake. Hakuna aliyeona mzinga. Niliufuta vizuri mno.

Nilisimama. Nilisema ulikuwepo, mimi ndiye niliyeutoa kwa kompyuta, kwa sababu niliona unaharibu picha. Nilifungua tarakilishi nikawaonyesha picha ya kwanza, ile yenye mzinga. Nilifurahi hata, nikadhani mambo yamekwisha. Waliinama wote wakaangalia.

Mzee Kiplimo alivua miwani. "Binti, unasema hii ulitoa."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mimi nikiangalia hiyo ingine, siwezi jua ulitoa."

"Huwezi, Mzee."

"Sasa nikiangalia hii, nitajuaje hujarudisha?"

Nilimwangalia Kigen naye akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Mama Jeruto aliulizwa kama ana neno. Alifungua mdomo, akatazama juu kwenye mti, akaufunga. "Mzinga ulikuwa wa Paul," alisema tu. Walimuuliza Paul alikuwa anapandaje. Akashusha macho kwenye nyayo zake. Nilitaka kumtikisa mabega. Sema, mama! Sema kitu!

Wazee wamesema mambo yasimame hivyo mpaka mvua. Kama hakuna jipya, mti ni wa Kigen.

Machi 2

Nimeenda hotelini nikawaambia picha ile ni ya uongo, waiondoe pamoja na mabango. Meneja alisema wageni wanaipenda hivyo hivyo. Nikamwambia basi nitasimama hapa mapokezini kila asubuhi nimwambie kila mgeni. Ameiondoa. Amesema pia nisirudi kutafuta kazi pale, hata ya harusi.

Ooko hakunitania leo. Alisema tu, "Hata mimi nilikula chapati nikiangalia."

Machi 3

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini chungu bado ninacho. Nitarudi korongoni kila nafasi nitakayopata mpaka mvua inifukuze.

Machi 8

Siku nzima nimetafuta lile gogo kwenye vichaka, kwenye mchanga, chini ya ukingo. Sijapata. Lazima lilivutwa kwa kamba kutoka juu ya ukingo, likapasuliwa likawa kuni. Mama Jeruto alinikuta nimechanwa na miiba mikono yote miwili, akanipaka mafuta ya ng'ombe. Nilimwambia pole. Sijawahi kuisema pole nikiwa na maana yake yote kama leo.

"Uliona gogo," alisema. "Ulikuwa hujui."

"Uliniambia, Mama."

"Nilikuambia," akakubali, akaendelea kunipaka.

Nimegundua kwamba sivyo nilivyomdhania. Hana ubahili. Hapotezi tu kitu chochote, maneno yakiwemo.

Machi 9

Wingu.

Machi 12

Wingu, na ngurumo upande wa Iten. Eldoret mashamba yameshalimwa, watu wanangoja tu. Kila mteja anayeingia studio anaomba mvua ije. Mimi peke yangu naiomba ingoje.

Machi 15

Niliingia korongoni alfajiri bila kujua natafuta nini. Nadhani nilikwenda kwa ukaidi tu. Mbingu upande wa mashariki ilikuwa na ufa mwembamba chini ya mawingu.

Jua lilipotokea ufani, nikaona halifanyi kama Januari. Wakati ule lilikuwa linatoka upande wa kusini kidogo, linaupiga ukuta usoni. Sasa linachomoza sawasawa na mdomo wa korongo, mwanga unapita ubavuni mwa mwamba, unauparuza tu. Kila kibonyeo kikapata kivuli chake. Ukuta niliodhani ni laini ulikuwa na makunyanzi kama kiganja.

Na katikati ya makunyanzi hayo, mashimo.

Madogo, ya kutosha vidole vya mguu. Moja kulia, moja kushoto, yakipanda kutoka mchangani mpaka yanapotelea kwenye mizizi. Yamechongwa kwa mkono wa mtu, na midomo yake imelainika kwa kukanyagwa. Nimeutazama ukuta huu tangu Januari na sijawahi kuyaona. Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Mimi niliambiwa na bado sikutazama.

Nilipiga picha chache, halafu wingu likafunga ufa na mashimo yakatoweka mbele ya macho yangu. Nilikwenda kuyatafuta kwa mkono. Ilinibidi nipapase kama kipofu ndipo nilipate la kwanza.

Nilikimbia kwa Mama Jeruto. "Mama, kuna ngazi! Kuna ngazi kwenye jiwe! Nitawaita wazee leo hii!"

Uso wake ulibadilika. Nilitegemea furaha, nikaona hofu.

"Funga hiyo kamera."

"Lakini Mama, huu ni ushahidi! Kigen alisema hakuna aliyewahi kupanda..."

"Nimesikia alichosema. Najua hayo mashimo. Baba yake Paul ndiye alichonga." Alikaa chini. "Mara ya kwanza nilikuambia kitu, ukafanya yako. Sasa nakuambia tena. Usiite mtu. Ngoja mimi."

Kila kitu ndani yangu kilitaka kubisha. Jua halitabaki hapo, mvua iko mlangoni, wiki moja tu na ukuta utakuwa kivulini. Nilimeza yote. Nikasema, "Sawa, Mama," na safari hii nilikuwa na maana hiyo.

Machi 17

Hajapiga simu. Nimefanya paspoti za familia nzima ya Njenga wa duka la viatu bila kumwambia hata mmoja ashushe kidevu. Wametoka wote wanaangalia dari.

Machi 19

Simu, nikiwa na mswaki mdomoni.

"Waite," alisema Mama Jeruto, akakata.

Machi 22

Mzee Kiplimo alinung'unika kwamba wazee hawaitwi alfajiri kama wanafunzi, lakini wote walikuja, wamejifunika mablanketi. Kigen pia, na kofia yake. Nilikuwa sijalala. Mawingu yalikuwa mengi na ufa wa mashariki ulikuwa mwembamba kama uzi. Nilimwomba Mungu kwa sauti, kwa Kimaragoli cha kwetu, sijali nani alisikia.

Jua likaja. Mwanga ukapita ubavuni mwa mwamba na mashimo yakatokea moja baada ya jingine, kutoka chini kwenda juu. Hakuna aliyehitaji kuonyeshwa. Mzee mmoja alisema neno kwa Kikeiyo na wengine wakasimama.

"Hiyo si kompyuta," nikasema.

"Nyamaza, binti," alisema Mzee Kiplimo, lakini si kwa ukali. Akamgeukia Kigen. "Ulisema hakuna mtu amewahi kupanda."

Kigen alivua kofia, akaivaa tena, kisha kile kicheko chake kikarudi. "Wazee, mimi nilikuwa sijui. Lakini sasa naona. Hiyo ni kazi ya babu yangu. Si nilisema mti ni wetu?"

Nilikuwa nimemletea ngazi.

Mzee Kiplimo aliitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la busara. "Vizuri. Mtu hupanda ngazi ya babu yake. Panda."

Wakati huo wingu lilikuwa limefunika jua na ukuta umekuwa mtupu tena. Kigen alivua viatu. Alipata shimo la kwanza, la pili, la tatu. Baada ya hapo mguu wake ukaanza kutafuta, huku na huku, kama mkono unaotafuta kiberiti gizani. Aliteleza akarudi mchangani, akajaribu tena, akateleza tena, goti likachunika. "Yamejaa vumbi," alisema. "Ni ya zamani."

"Kuna mwingine?" Mzee Kiplimo aliuliza.

Mama Jeruto alisimama. Alivua viatu vyake vya plastiki akavipanga pamoja, akaifunga leso kiunoni.

"Mama, keti," alisema mzee mmoja. "Mwanamke hapandi mzinga."

"Nimeketi sana," alisema.

Akapanda.

Hakuangalia jiwe. Aligeuza uso pembeni, shavu karibu na mwamba, na miguu ikaenda yenyewe. Mahali Kigen alipopotea, yeye alivuka kushoto kwa hatua mbili, nyuma ya mzizi, mahali ambapo hakuna mtu angefikiria, kisha akaendelea juu. Kumbe ngazi ina kona. Wazee walikuwa wamesimama wote, mablanketi yameanguka. Mimi nilikuwa naogopa hata kupumua.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kamera. Nilijizuia. Nikapaza sauti, "Mama, nipige?"

Alisimama pale alipokuwa, nusu ya ukuta, nywele nyeupe zimetoka kwenye kitambaa. Hakugeuka.

"Piga. Na usitoe kitu."

Nilipiga.

Alipofika mtini alikaa kwenye panda kama mtu aliyefika kwenye kiti chake, akashika gome. "Kamba ya mzinga ilikuwa inapita hapa. Imekata mti. Anayetaka kuona apande." Hakuna aliyepanda. Akavuta pumzi, kisha akasema kutoka huko juu, na kila neno lilirudi mara mbili kwenye kuta za korongo:

"Paul alivunjika goti, hakuwaambia. Aliona aibu. Ni yeye alinifundisha, akisimama hapo chini akinionyesha kwa fimbo. Miaka yake yote ya mwisho, asali mliyokula kwangu ni mimi nilishusha. Hata ile ya harusi ya mtoto wako, Kiplimo. Sikusema kwa sababu mngecheka kaburi lake. Sasa chekeni."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nalia na sikujificha. Mwezi huu wote nilimwona mama aliyeshindwa kusema, kumbe alikuwa anamlinda marehemu.

Mzee Kiplimo alisafisha koo mara kadhaa. Alikuwa akitazama mchanga.

"Ile asali," alisema mwishowe, "ilikuwa tamu."

Halafu wakaketi, wakahukumu haraka kwa sababu matone yalikuwa yameanza. Mti ni wa nyumba ya Paul. Kigen atatoa waya wake, na yeye ndiye atachonga mzinga mpya kwa mkono wake, gogo zuri, si la haraka. Mama Jeruto, kwa kupanda bila ruhusa ya wazee, atawaletea asali ya kwanza. Na mimi, kwa kutoa mzinga wa mtu hata kama ni kwa kompyuta, nitaleta sukari na majani ya chai kwa wazee wote. Niliuliza kama naruhusiwa kukata rufaa. Walicheka hapo, wote, pamoja na Kigen aliyekuwa anafunga goti lake.

Machi 23

Mvua. Ya kweli, ya mawe. Eldoret nzima imetoka kwenye baraza za maduka kuiangalia.

Machi 29

Nimeisafisha picha. Maana yake nimeifuta vumbi la lenzi tu, na hata hilo nilimpigia simu kumuuliza. Ooko ameichapisha. Aliitazama ikitoka mashineni: jiwe, mizizi, mti, na mama mzee nusu ya ukuta, nyayo zake zimegeukia kamera, nyeupe kwa vumbi.

"Nikutolee huyo mama, mti uonekane vizuri?" aliuliza.

Nilimrushia katoni.

Aprili 5

Probox ilizama kwenye tope mara mbili, na mara zote ni Kigen aliyenisukuma. Hatukuongea mengi. Alinionyesha gogo analolichonga, limelazwa nyuma ya nyumba yake, nusu limechimbwa. Ni kazi nzuri. Nilimwambia hivyo kwa sababu ni kweli.

Mto una maji sasa, mekundu, yanaenda kwa kelele. Ukuta wa mwamba uko kivulini na utabaki hivyo kwa miezi. Mkuyu una majani mapya.

Nilimpa Mama Jeruto picha. Aliifuta kwa leso ingawa haikuwa na vumbi, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Nilisimama nyuma yake kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Mzinga uko wapi?"

"Siku hiyo haukuwepo, Mama," nikasema. "Siwezi kuuweka."

Aligeuka akaniangalia. Kisha akaishusha ile fremu ya zamani iliyotazama ukuta, na kwenye msumari ule ule akaitundika hii, uso kwetu.

"Kaa," alisema. "Chai iko tayari."